Mkono Chini ya Gunia

Mnunuzi wa dagaa aliyeiva pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, utamjua kwa mkono. Mgeni hutazama dagaa wa juu ya gunia, huvutiwa na wanavyong'aa, huuliza bei. Mwenyeji huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota ukufi kutoka chini kabisa. Humkunja mmoja: akivunjika, amekauka, akipinda, bado ana maji, na safari ya kwenda Kongo hataimaliza salama. Hupuliza kiganjani aone mchanga unavyotimka. Hunusa. Kisha, mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani, huwarudisha dagaa wale ndani ya gunia, huaga kwa adabu na kuondoka bila kununua.

Kuondoka huko ndiko ninakokusifu. Yupo mama mmoja ambaye wapagazi humwamkia “mwangaluka, mayu,” aliyeanza biashara hii tangu enzi za karabai, kabla mitumbwi haijafungwa taa za sola. Ana kaunta buku lililochakaa pembeni. Ndani yake ameandika mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvua zilivyonyesha, iwapo mzigo ulitoka Ukerewe, Ukara au Goziba, na bei ya gunia siku ile. Kila mtu wa ziwani anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika, mzigo hupungua, bei hupanda. Kulijua hilo hakumfanyi mtu kuwa mfanyabiashara. Wapo waliojaza ghala wakisubiri mbalamwezi, ikaja mvua, au malori ya wanunuzi hayakutokea, na ujuzi wao ukaozea ndani ya magunia.

Yeye mtaji wake huugawa. Mzigo mmoja haubebi fedha zote, hata uwe mzuri kiasi gani. Ada ya shule haigusi ziwa. Akipata faida kubwa hubaki na nguo zilezile na kiti kilekile, na wiki inayofuata hununua kiasi kilekile alichozoea, kwa sababu msimu uliomnyookea haujamwahidi chochote kuhusu ujao. Sijawahi kumsikia akisema amelipatia soko. Husema mwezi ulikuwa mzuri.

Kuna mzigo wake mmoja kutoka Ukara ulionyeshewa ukiwa haujakauka. Dagaa walianza kubadilika rangi na harufu ikaja. Madalali walimzunguka wakimsihi avute subira: kesho jua litawaka, atawaanika upya, ataokoa angalau nusu ya fedha. Aliwasikiliza wote. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshauza mzigo mzima kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kuumiza. Kesho yake jua likawaka kweli, jua kali la Mwanza linalochoma mawe, na jirani yake aliyesubiri akaokoa mzigo wake. Watu walimpa mama pole kama mtu aliyekosea. “Jua la leo jana sikuwa nalo,” aliwajibu, akafungua daftari akaandika: mvua, Ukara, kuku. Alihukumu uamuzi wake kwa kile alichokijua saa ile alipouamua, wala hakumwonea wivu jirani yake. Ni watu wachache mno wenye kifua cha namna hiyo, na kifua hicho hajazaliwa nacho. Alikijenga mzigo kwa mzigo.

Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu ya kinachotokea kwenye simu. Kuanzia Nyegezi mpaka Buzuruga, vijana werevu wameinama wakinunua na kuuza euro, dola, na dhahabu ambayo nyingine huchimbwa Geita, ng'ambo ya Kigongo na Busisi, bila kuiona wala kuigusa. Sina ugomvi na kazi yenyewe. Ni biashara ya kale na ina ustadi wake. Hata ile mishumaa ya kijani na nyekundu wanayoisoma kwenye chati, inasemekana asili yake ni wafanyabiashara wa mchele wa Japani, nchi ambayo soko lake la Dojima, mjini Osaka, lilitambuliwa na serikali mwaka 1730. Wale walikuwa watu wa ghala, mvua na mavuno, na wangeelewana na mama wa Mwaloni bila mkalimani.

Kinachoniuma ni ule mkopo wa nguvu ambao dalali wa mtandaoni humpa mtoto asiyejua kupoteza. Kwa dola 100 anaweza kuruhusiwa kushika biashara ya dola 50,000. Bei ikisogea kinyume chake kwa asilimia 0.2 tu, dola 100 zimekwisha. Mama hawezi kubeba mzigo wa mara 500 ya mtaji wake, hakuna mtumbwi wa kuubeba. Ziwa limemwekea mpaka. Kwenye simu mpaka huo mtu hujiwekea mwenyewe, na hapo ndipo tabia yake huonekana. Wengi huweka mahali pa kukatia hasara, kisha bei ikikaribia huusogeza mpaka huo mbele, mara ya kwanza, mara ya pili, wakiomba jua la kesho. Baadaye husema wameunguza akaunti, wanatafuta fedha nyingine, na wanarudi usiku uleule kulipiza kisasi, kana kwamba soko linawafahamu.

Na hata mpaka huo hauaminiki siku zote. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Faranga ikapaa ndani ya dakika chache, na bei ikaviruka viwango vya kukatia hasara kama vile havikuwekwa. Watu walijikuta wanadaiwa fedha ambazo hawakuwahi kuwa nazo, na dalali Alpari wa Uingereza akafilisika. Miongoni mwa waliokuwa upande uliopoteza, waliosalimika siku ile ni wale waliokuwa wameshika kidogo.

Ukanda huu wa ziwa haukuwa mgeni wa adabu ya biashara. Wakulima wa pamba walipochoka kupunjwa kwenye mizani, walijipanga wakasimamia vipimo kwa macho yao wenyewe, na kufikia mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake walikuwa wameviunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Victoria. Zamani kijana pale Mwaloni alihesabu magunia ya mkubwa wake msimu mzima kabla hajaaminiwa kununua moja. Leo mafunzo ya biashara ya kwenye simu huuzwa kwa wiki, pamoja na picha ya gari.

Mama ana mtoto wa dada yake aliyeunguza mtaji wa familia kwa namna hiyohiyo. Alipokuja kuomba wa kuanzia tena, mama huyo hakumpa fedha. Alimpa mizani na kaunta buku, akamwambia akae naye mpaka mwezi uandame mara mbili. Kijana hakuumaliza hata wa kwanza. Yuko Dar es Salaam sasa, na akipiga simu humweleza mama yake mkubwa kuhusu mfumo mpya alioupata.