Kitabu cha Walevi na Neno Lililosahauliwa

Kitabu kiitwacho "Alcoholics Anonymous" kilichapishwa Marekani mwaka 1939. Sehemu yake kubwa iliandikwa na Bill Wilson, aliyekuwa mlevi, naye pamoja na Dr. Bob Smith ndio walioanzisha chama cha jina hilo mjini Akron mwaka 1935. Humo zimo hatua 12: mlevi hukiri udhaifu wake, huungama makosa yake mbele ya Mungu na ya mtu mwingine, hutengeneza na aliowakosea, kisha huwasaidia walevi wenzake.

Kitabu hiki chastahili sifa. Hakimdhihaki mlevi, maana waandishi wake walionja uchungu ule ule; na wengi waliokatiwa tamaa na jamaa zao wamepata tumaini ndani yake.

Lakini twaona upungufu mkubwa. Kitabu chamfundisha mgeni kufungua moyo wake wote, wala hakisemi wazi jinsi ya kumlinda akiisha kuufungua. Mgeni huja akiwa dhaifu, na aliyemtangulia huzijua siri zake zote. Wanachama wenyewe wana jina la mzaha, "hatua ya 13", maana yake mtu wa siku nyingi kumtongoza mgeni. Jambo likiisha kupata jina, si ajali tena. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Tena iko sura inayosema kwa sauti ya wake wa walevi, kumbe aliiandika Wilson mwenyewe. Kama wanawake wangalipewa kalamu, labda hatari hii ingaliandikwa mapema.

Watu husema kwamba chama hiki hufichana majina, wala hakina wakubwa wa kumhukumu mtu. Twajibu: siri iliwekwa imsitiri mgonjwa, haikuwekwa imfiche mwindaji. Ofisi ya chama yenyewe imekwisha kuchapisha maonyo ya usalama, ikisema kwamba kuwaita polisi hakuvunji kanuni yo yote. Ni neno jema. Walakini limo katika karatasi ya pembeni. Hata katika chapa ya 4 ya mwaka 2001, zile sura 11 za kwanza zilibaki karibu kama zilivyokuwa.

Basi, ye yote akusanyaye walevi ili kuwaponya, na akisome kitabu hiki, kisha aongeze lililosahauliwa: mwanamke aongozwe na mwanamke, mgeni aambiwe hatari tangu siku ya kwanza, na aliyedhulumiwa asinyamazishwe kwa ajili ya sifa ya chama.