Mswada asilia uanze na kalamu ya mwanafunzi

MSIMU wa tamasha za drama unapobisha hodi, baadhi ya shule zetu huanza kusaka mtu wa kuziandikia mchezo. Fundi hulipwa, mswada ukaletwa umeshaiva, kazi ya mwanafunzi ikabaki kukariri. Kisha tunaambiwa eti huo ni ubunifu wa wanafunzi. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mwaka 2025 taifa zima lilizungumzia Echoes of War, mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Tulijadili haki ya wasichana wale kuigiza, na ilifaa tuijadili. Ila kuna swali tulilolipita: mwanafunzi hujifunza nini kuhusu utunzi anapokabidhiwa maneno yaliyokwisha kupangwa na mtu mzima?

Nalijibu kwa mswada wa msichana mmoja wa kidato cha tatu katika Kaunti ya Makueni, niliobahatika kuusoma katika rasimu zake tatu. Jina lake na la shule yake nitayasitiri.

Mada yake ni uchimbaji wa mchanga, jambo zito Makueni hata kaunti ikalitungia sheria mwaka 2015. Rasimu ya kwanza ilikuwa hotuba tupu. Kulikuwa na bwanyenye katili, mwanaharakati asiye na doa, na polisi wa kuja mwishoni kutia watu pingu. Wote walisema Kiswahili cha insha. Dereva wa lori alimweleza utingo wake kwamba jua la mtikati lilikuwa likiwachoma mithili ya makaa! Jamani, dereva gani husema hivyo? Dereva husema, "Pakia haraka, tumechelewa."

Mwalimu wake hakuushika wino mwekundu. Alimuuliza swali moja tu: nyumbani kwenu nani hula kutokana na huo mchanga?

Rasimu ya pili ikazaliwa hapo. Wakati wa kiangazi, mito mingi ya Ukambani hubaki mchanga mtupu juu, lakini chini yake kuna maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Wanawake huchimba visima humo, wakateka kwa kata. Sasa baba katika mchezo anapakia mchanga kwenye lori ili alipe karo ya bintiye, na mama anateka maji katika mto uo huo. Kila koleo la karo linapunguza maji ya mama. Mgogoro umetoka kwa bwanyenye ukaja kuketi jikoni, na binti ndiye sababu yake. Hilo halinunuliki kwa fundi, kwa kuwa fundi hajui kinachomkera mtoto huyu usiku.

Hata hivyo, rasimu hiyo ilikuwa na maonyesho manane, na mama aligeuka mwalimu wa jiografia, akieleza kila kitu. Katika ya tatu mwandishi akakata. Mama anarudi na mtungi mtupu, anautua kando ya risiti ya karo, hasemi neno. Maelekezo ya jukwaani yanafanya kazi ambayo kurasa mbili za dayolojia hazikuiweza. Dosari imesalia moja: chifu anayeingia mwishoni kuwapatanisha. Ningemwacha nje, kwa sababu anampokonya binti uamuzi ambao mchezo mzima umemwandalia.

Malighafi ya namna hii haipatikani Makueni pekee. Jirani Kitui, alikozaliwa John Mbiti aliyetuachia mkusanyiko wa Akamba Stories mwaka 1966, kuna jiwe la Nzambani. Husimuliwa kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Mwanafunzi asiishie kukisimulia kisa hicho. Na aulize: ni nani angethubutu mzunguko wa saba, na nyumbani anakimbia nini? Swali hilo ndilo mwanzo wa tamthilia.

Nasikia mswada wa msichana yule umewekwa kando. Eti hauna uzito wa kufika mbali, na mwingine wa kununuliwa uko njiani. Pengine huo wa kununuliwa utaleta kikombe. Lakini yeye atakuwa amefundishwa kwamba maneno yake hayatoshi, na somo kama hilo halisahauliki upesi.

Ninapendekeza waamuzi wadai rasimu zote, zenye mifuto na mikwaruzo yake, na wamwite mwandishi mwanafunzi aeleze kwa nini alikata hapa akaongeza pale. Aliyeandika atajibu. Aliyekaririshwa atamtazama mwalimu wake.