Kumwamini Mwenye Majina Manne: Tafakari juu ya Filamu ya "Charade"

Wapo watumishi wa Kanisa wanaoona kwamba filamu ya mapenzi na kicheko haistahili kupewa nafasi katika jarida la theolojia, na kwamba mchungaji akitaka kuitazama, basi na aitazame mlango ukiwa umefungwa. Sisi hatuna maoni hayo. Tumeitazama "Charade", iliyoongozwa na Stanley Donen na kutolewa mwaka 1963, zaidi ya mara moja, na kila mara tumeifurahia. Tena ni filamu iliyoenea sana, kwa kuwa nakala za mwaka ule zilitolewa bila tangazo halali la hakimiliki, hivyo nchini Marekani ikawa mali ya umma tangu mwanzo.

Kisa chenyewe kinatendeka Ufaransa. Regina Lampert, anayeigizwa na Audrey Hepburn, yuko mapumzikoni katika milima ya Megève, naye amekwisha kuamua kuachana na mumewe. Huko anakutana na bwana mmoja mcheshi, Cary Grant, anayejitambulisha kwa jina la Peter Joshua. Anaporudi Paris anaikuta nyumba yake tupu, haina hata kiti. Mume ameuza kila kitu mnadani, kisha ameuawa na kutupwa kutoka kwenye treni. Inspekta wa polisi anamwonyesha mjane pasipoti kadhaa, zote zina picha ya mumewe, na kila moja ina jina lake. Yafaa tukumbuke kazi ya mama huyu: yeye ni mkalimani wa mikutano ya kimataifa. Anazielewa lugha za watu wengi, lakini mtu aliyelala naye kitanda kimoja hakumwelewa kamwe.

Mazishi ya mume huyo yanastahili kutazamwa na kila mchungaji. Kanisa ni tupu: mjane, rafiki yake, na inspekta anayekata kucha zake. Kisha wanaingia wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anafika jenezani na kupiga chafya. Wa pili anaweka kioo kidogo mbele ya mdomo wa marehemu aone kama kitapata ukungu wa pumzi. Wa tatu anamdunga kwa pini. Tulicheka, na msomaji naye atacheka. Hata hivyo, ni mara ngapi tumesimama kaburini mbele ya watu waliokuja kuhakikisha tu kwamba mdeni wao au mshindani wao amekufa kweli? Donen hakuhubiri neno lolote hapo, lakini amelionyesha jambo ambalo vitabu vyetu vya ibada za mazishi havilitaji.

Watu hao watatu walikuwa askari wa Marekani pamoja na marehemu. Mwaka 1944 walikabidhiwa dhahabu yenye thamani ya dola 250,000 ili waifikishe kwa wapiganaji wa Ufaransa waliowapinga Wajerumani, nao wakaamua kuiiba. Marehemu akawadhulumu wenzake. Sasa kila mmoja anaamini kwamba mjane anajua mali iliko, na kwa kweli ameishika mkononi pasipo kujua: ni stempu tatu zilizobandikwa juu ya bahasha ya kawaida kabisa. Hatuoni vibaya kuitoboa siri hii, maana raha ya filamu hii haiishi kwa kuijua.

Hapo ndipo linapokuja swali lililotufanya tuandike. Peter Joshua anageuka kuwa Alexander Dyle, kisha Adam Canfield, mwizi, na mwishoni Brian Cruikshank, afisa wa hazina ya serikali ya Marekani. Kwa kila jina ana maelezo yanayoridhisha. Upande wa pili yuko Bwana Bartholomew, anayeigizwa na Walter Matthau, mwenye jina moja tu na ofisi ndani ya ubalozi. Usiku wa mwisho, kati ya nguzo za Palais Royal, Regina anasimama katikati ya hao wawili. Kila mmoja anamsihi amwendee yeye. Anapomwomba yule mwenye majina manne ampe sababu moja ya kumwamini, yeye anakiri kwamba hana sababu yoyote. Naye Regina anamkimbilia.

Wanafunzi wetu hujifunza kwamba imani ina ujuzi, ina kukubali, na ina kutumaini, ambako Walatini walikuita fiducia; na katika mitihani wengi huandika vizuri juu ya mawili ya kwanza na kulipita la tatu haraka haraka. Filamu hii imelitenga hilo la tatu peke yake. Ushahidi wote unamwelekea Bartholomew, kumbe ndiye muuaji, na ofisi ile alikuwa akiingia tu saa ya chakula cha mchana wenye ofisi wakiwa wametoka. Sisi tunaovaa kola na kukaa nyuma ya meza zenye mihuri ya Kanisa tuitafakari ofisi hiyo kwa makini, kwa sababu waumini wetu hutuamini kwa namna ile ile Regina alivyoiamini meza ya ubalozi.

Lakini mfano huu tusiuvute mno. Isaka alisikia sauti ya Yakobo, akashika mikono yenye manyoya, akatoa baraka. Udanganyifu ule uliigharimu nyumba nzima miaka mingi, na Yakobo hakupata jina jipya mpaka alipoulizwa jina lake pale Yaboki na kulitaja. Cruikshank hapati Yaboki. Uongo wake unafutwa kwa kicheko. Katika Katekisimu Ndogo Luther anatutaka tumtetee jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema, lakini hakutuagiza tuoane na kila mtu atufanyiaye mzaha. Mabinti wanaokuja kwetu kutaka ushauri kabla ya ndoa wasichukue uamuzi wa Regina kuwa kanuni.

Kosa kubwa zaidi la filamu, kwa maoni yetu, liko kwa Bartholomew mwenyewe. Jina lake halisi ni Carson Dyle, mwenzao wa tano, aliyepigwa risasi na kuachwa na wenzake wakidhani amekufa, akateseka katika gereza la Wajerumani. Majeruhi aliyeachwa njiani na kupitwa na rafiki zake! Kilio hicho kinapewa sentensi chache tu, kisha mlango wa jukwaani unafunguka chini ya miguu yake na filamu inarudi kwenye mapenzi. Mwandishi wa hadithi, Peter Stone, alikuwa na mtu mzito mikononi mwake akamtumia kama kitendawili. Hatudai kwamba muuaji aachwe bila hukumu. Tungependa tu Regina, ambaye ana huruma hata kwa mtoto aliyebadilishana zile stempu kwa mfuko mzima wa stempu nyingine, angalau ageuke na kutazama mahali mtu huyo alipoangukia. Hageuki, na asubuhi yake yuko ubalozini akirudisha stempu, akicheka.