Nasaba ya Beaumont na Hati Zinazoibeba

Ukikabidhiwa nasaba ya watukufu wa Normandy ya kale, yapite majina makubwa kwanza uangalie pale mwana anapounganishwa na babaye. Kila kiungo kiwe na hati yake, na mtunzi akuoneshe ni ipi.

Chukua ukoo wa Beaumont. Babu aliitwa Humphrey wa Vieilles. Mwanawe, Roger, aliitwa wa Beaumont. Mjukuu, Robert, aliyepigana Hastings mwaka 1066, alirithi Meulan kwa upande wa mamaye na kujulikana kwa jina hilo. Vizazi vitatu, majina matatu, maana mtu aliitwa kwa ngome au ardhi aliyoishika. Anayefuata jina hupotea mapema. Mjuzi hufuata mali: kijiji kilekile, kanisa lilelile, leo mikononi mwa baba, kesho mikononi mwa mwana.

Utamu wenyewe umo katika ridhaa na mashahidi. Mtu alipowapa watawa ardhi, mke na wanawe walitajwa kuwa wameridhia, wasije wakaidai baadaye. Mwandishi alikuwa akilinda shamba, hakuwa akimpamba mtu kwa ukoo wake, na kwa hiyo neno lake juu ya undugu nalithamini kuliko sifa zote za wanahistoria wa enzi hizo. Humphrey ndiye aliyeanzisha monasteri ya Saint-Pierre huko Préaux. Duke Robert wa Kwanza alipoipa monasteri hiyo kijiji cha Toutainville, kabla ya safari yake ya Yerusalemu ya mwaka 1035, wana wa Humphrey walikuwapo, na baba yao alimzaba kofi mmoja wao ili asisahau alichokishuhudia. Baba na wanawe, mahali pamoja, wakati unaojulikana: kiungo kama hicho hakitikisiki kirahisi.

Hata hivyo, hati za Préaux tunazisoma zaidi katika daftari la nakala lililoandikwa karne ya 13, na nyingi hazina tarehe. Mtunzi hodari hukadiria wakati kwa kuangalia nani alikuwa abate na nani alikuwa duke, kisha hutaja miaka ya mwanzo na ya mwisho inayowezekana. Ukikuta mwaka mmoja kamili pasipo maelezo, tia shaka. Tia shaka pia kila Robert na kila William asiyetajiwa baba. Majina hayo yalijaa Normandy nzima.

Jaribio kubwa liko juu ya Humphrey. Robert wa Torigni, mtawa aliyeandika kama miaka mia moja baadaye, alidai kuwa mama wa Humphrey alikuwa dada wa Gunnor, mke wa Duke Richard wa Kwanza. Huenda ni kweli, lakini ni masimulizi, na ukoo ulinufaika nayo. Mtunzi wa kuaminika huuchora mstari huo kwa vitone na kumtaja Torigni pembeni. Anayeuchora kwa wino uleule aliomwunganishia Roger na Humphrey, rudi ukague upya hata viungo vyake vya chini.