Pijo Ipi?

Watu wa rika langu wakikaa na kuanza kusifu magari ya zamani, haupiti muda kabla mmoja wao hajaitaja Peugeot 504. "Pijo lilikuwa gari bwana!" atasema, na wote wataitikia. Mimi nami huitikia, kisha hunijia ule ugonjwa wa ualimu wa kutaka kuuliza: Pijo lipi? Maana sifa zinazorundikwa juu ya gari hilo moja ni za magari kadhaa yaliyopewa tarakimu moja.

Gari lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na mwaka uliofuata likatwaa heshima ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Injini yake ya kwanza ya petroli ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,796; mwaka 1970 ikaja ya 1,971. Zikafuata za dizeli. Wapenzi wengi huyajua hayo, na kutofautisha aina hutegemea herufi zilizobandikwa kwenye buti: GL, TI, L. Wakishazisoma, wameridhika.

Huko ni kuhakiki kitabu kwa kutazama jalada. Herufi hubanduka, na fundi yeyote aweza kubandika nyingine. Nimeyaona magari ya namna hiyo yaliyofufuliwa kwa fedha nyingi, yaking'aa bampa na kuvaa nembo ya GL, lakini ukichuchumaa nyuma ukachungulia chini, unakuta ekseli moja ngumu imetoka gurudumu hadi gurudumu. GL ya Ufaransa haikuwa hivyo. Katika saluni ya GL difu imeshikwa juu chini ya bodi, na kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake. Moja likipanda jiwe, jingine halina habari. L ndiyo iliyoletwa mwaka 1973, bei ikiwa nafuu, ikiwa na ekseli ngumu na injini ile ndogo ya 1,796. Kwa mbele ni pacha. Kwenye barabara ya vumbi iliyojaa makunyanzi ni magari mawili.

Kwa hiyo mzee anayesifu ulaini wa 504 na jirani yake anayesifu wepesi wa kuitengeneza huenda hawazungumzii gari moja, ingawa wanatikisiana vichwa. (Nimeshuhudia mabishano ya namna hii yakidumu hadi chai ya pili.) Hata ushindi wa Safari Rally huchanganywa. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa saluni; mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Coupé yenye silinda sita. Coupé hiyo ni fupi, ina milango miwili, na bodi yake ilijengwa Turin. Kuiita ndugu wa saluni ni sawa. Kuiita saluni si sawa.

Wakosoaji wa Ulaya humaliza wino wao kwa Coupé, na kweli ni nzuri mno. Lakini kama ni kazi ya fikra, mimi naipa alama za juu stesheni wagoni. Watengenezaji hawakuongeza tu paa nyuma ya saluni. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliurefusha kutoka sentimita 274 hadi 290, wakarudi kwenye ekseli ngumu kwa makusudi, kisha wakaiwekea springi nne, mbili kila upande, ili mzigo ubebwe bila abiria kuadhibiwa. Kwenye aina ya familia wakatia safu tatu za viti, zote zikitazama mbele. Kenya iliielewa mapema: ndiyo iliyokuwa teksi ya safari ndefu, ikijaza watu saba na mizigo yao. Hapo ekseli ngumu si dalili ya unyonge, kama wanavyodhani waliosoma kwamba aina bora ni ile yenye magurudumu huru.

Uundaji wa saluni Ufaransa ulikoma mwaka 1983, nao ukaendelea Afrika hadi miaka ya 2000. Yaliyosalia yanapungua, na kila L inayovishwa nembo ya GL inatupunguzia moja, kwa kuwa atakayekuja kuitazama baadaye hatakuwa na mzee wa kumuuliza. Mimi, nikipewa hiari, ningenunua L iliyoandikwa L.