Ncha ya Mbali

Newala iko juu, maji yako chini. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunyonya mvua ikazama mbali, na visima vya Mitema, vinavyonywesha watu wa huku, viko bondeni. Aliye juu akitaka kujua kama pampu inazunguka au imelala, ama ateremke, ama apate fundi wa kumfungia ruta ya kumletea habari. Nilimtazama fundi mmoja akiandaa ruta ya kazi hiyo mezani kwake.

Ni kisanduku cha chuma kisicho na feni, cha kufungwa kwenye reli ndani ya kabati la pampu. Kinatumia umeme wa volti 24. Fundi anaupima kwa mita kwanza, ndipo akaze nyaya kwa bisibisi. Anachomeka laini ya simu, anafunga antena, anaunganisha kompyuta. Nywila ya kiwandani anaibadilisha kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha handaki. Vipimo vya pampu vitapita kwenye intaneti ya watu wote, kwa hiyo hufungwa kwa siri ndani ya pakiti nyingine, na handaki hilo lina ncha mbili, moja bondeni na nyingine ofisini kwa mamlaka ya maji. Laini ya simu kwa kawaida haina anwani yake ya kudumu. Hujibanza pamoja na nyingine nyingi nyuma ya anwani moja ya kampuni. Ofisi haiwezi kuipata. Ruta ya bondeni ndiyo itakayoita, na ncha ya mbali inayoandikwa ndani yake lazima iwe anwani ya kudumu ya ofisini. Fundi anaiandika polepole, kisha anaisoma kwa sauti kuanzia mwisho, kijana anayejifunza akifuata kwa kidole daftarini. Ufunguo wa siri wanaulinganisha herufi kwa herufi. 0 na O zimewakwamisha wengi.

Taa ya handaki inawaka.

“Imeshika, fundi?”

“Subiri kwanza, mdogo wangu.”

Anatuma pakiti ndogo, inarudi. Anatuma ya baiti 1500, inakwama, maana vazi la siri nalo linataka nafasi. Anapunguza hadi 1400, inapita. Anang'oa antena, anasubiri handaki lianguke, anairudisha, anatazama lijiinue lenyewe. Anazima umeme na kuanza tena. Kule bondeni hakutakuwa na mtu wa kuigusa ruta.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namna anavyoibadilisha ncha ya mbali akiwa amepita ndani ya handaki lilelile. Akikosea namba moja, amejifungia nje. Basi kwanza anaiamuru ruta ijizime na kuwaka baada ya dakika 10, irudie mipangilio iliyohifadhiwa, ndipo anabadilisha. Handaki likirudi, anafuta amri ile na kuhifadhi. Lisiporudi, anasubiri mikono ikiwa mbali na kibodi.

Mamlaka za maji zinazomwajiri fundi wa namna hii zimpe siku nzima ya majaribio mezani kabla ya kumteremsha bondeni.