Nani anaruhusiwa kugusa salio?

"Salio la mwanachama hubadilishwa na moduli ya leja pekee." Sentensi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hati ya usanifu wa mfumo wa SACCOS moja ninayoifanyia kazi, na kila aliyejiunga na timu yetu alipewa aisome siku ya kwanza. Ni sentensi nzuri. Ukitaka kujua kwa nini mama fulani ana shilingi 412,000 badala ya 462,000, una mlango mmoja tu wa kwenda kugonga. Mwaka jana tulimpa wakala wa akili mnemba hati ile pamoja na msimbo wote, tukamwuliza kama vinakubaliana. Dakika chache baadaye akarudi na jibu: salio linabadilishwa sehemu nne.

(Ninaposema wakala simaanishi yule wa kibandani anayekutolea fedha za kwenye simu. Huyu ni programu inayoendeshwa na modeli kubwa ya lugha: inafungua mafaili, inatafuta maneno ndani yake, inaendesha majaribio na kuandika mabadiliko yenyewe. Ila wote wawili, ukiwaachia namba yako ya siri, usije ukalalamika.)

Sehemu mbili zilikuwa ndani ya leja yenyewe, hazina neno. Ya tatu ilikuwa skrini ya mhasibu ya marekebisho, ambayo tuliijua na tulikuwa tunajifanya hatuijui. Ya nne ilikuwa kazi inayojiendesha saa nane usiku, imefichwa ndani ya folda ya ripoti, ikiandika moja kwa moja kwenye jedwali la salio. Hakuna aliyekuwa zamu wakati huo aliyeikumbuka. Maelezo ya badiliko lililoiingiza yalikuwa neno moja: "marekebisho".

Kabla ya kufika kwenye jibu hilo tulikuwa tumekosea mara mbili, na makosa yale yana mafunzo mengi kuliko ushindi wenyewe.

Mara ya kwanza tulifanya kile ambacho nadhani kila timu huanza nacho: tulimwambia wakala aandike nyaraka za usanifu wa mfumo mzima. Akaandika. Kurasa arobaini na kitu, michoro, vichwa vya habari vilivyopangika kama vya kitabu cha shule. Nilizisoma usiku mmoja na sikukuta uongo hata mmoja. Folda hii ina hiki, faili lile linaita lile. Tatizo ni kwamba yote yaliyokuwemo mle yalikuwemo tayari kwenye msimbo, na anayetaka kuyajua siku hizi anamwuliza wakala huyohuyo akajibiwa papo hapo. Tulikuwa tumelipia nakala ya kitu tulichonacho, tena nakala itakayoanza kuchakaa Jumatatu.

Alex Kladov, aliyekuwa akiongoza kazi ya rust-analyzer, ile programu inayowasaidia waandishi wa lugha ya Rust ndani ya vihariri vyao, aliligusa jambo hili Februari 2021 alipohimiza miradi iwe na faili fupi linaloitwa ARCHITECTURE.md. Alishauri lisiwe refu, litaje majina ya mafaili na moduli muhimu bila kuweka viungo, kwa sababu viungo huoza, na lipitiwe upya mara chache tu kwa mwaka. Lakini hoja yake iliyonikaa ni nyingine: kanuni kubwa za usanifu mara nyingi ni kutokuwepo kwa kitu fulani. Ndani ya rust-analyzer, sehemu inayoshughulikia sintaksia haijui chochote kuhusu itifaki ya kuzungumza na vihariri. Hutaliona hilo kwa kusoma faili baada ya faili, maana hakuna mstari wa msimbo unaotangaza kile ambacho haufanyi. Wakala anayesoma msimbo anaona vilivyopo. Kilichoachwa kwa makusudi na kilichosahaulika, kwake ni kimoja. Kesho akiombwa kitu kidogo ataunganisha sehemu hizo mbili kwa moyo mweupe kabisa, na majaribio yote yatapita.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilionekana kama werevu. Tukasema: basi, kila wakala anapobadilisha msimbo, asahihishe na hati palepale, ili visiachane tena. Wiki tatu tukafurahi. Kisha dada mmoja wa timu yetu, ambaye ana tabia ya kusoma mabadiliko ya hati kwa makini zaidi kuliko ya msimbo, akatuonyesha sentensi yetu ilivyokuwa imegeuka: "Salio la mwanachama hubadilishwa na moduli ya leja na, katika hali maalumu, na skrini ya mhasibu ya marekebisho."

Katika hali maalumu! Wakala hakudanganya. Alitumwa aondoe tofauti kati ya hati na msimbo, akaiondoa. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuondolewa kwa njia mbili, kurekebisha msimbo au kurekebisha hati, na kurekebisha hati ni rahisi siku zote. Hivyo kosa lililoingia kwa mlango wa nyuma likapewa cheti cha kuzaliwa. Tangu siku hiyo ninaishuku hati yoyote ambayo haijawahi kupingana na msimbo wake. Mwaka 1992 Dewayne Perry na Alexander Wolf, katika andiko lililosaidia kuupa usanifu wa programu jina lake kama fani, walizungumzia mmomonyoko unaotokana na kuvunjwa kwa usanifu. Wakati huo mmomonyoko ulihitaji binadamu wengi na miaka. Sisi tulikuwa tumeuwekea mashine.

Dawa tuliikuta kwenye kabati la zamani. Mwaka 1995 Gail Murphy, David Notkin na Kevin Sullivan walieleza njia ambayo mhandisi anachora mfumo jinsi anavyoamini ulivyo, chombo kinachimba uhusiano halisi kutoka kwenye msimbo, kisha viwili hivyo vinawekwa ubavu kwa ubavu. Majibu ni matatu tu. Kuna uhusiano ambao mchoro na msimbo vinakubaliana juu yake. Kuna uliomo kwenye msimbo lakini mchoro haukuutarajia. Na kuna ambao mchoro unaahidi lakini msimbo hauna. Mhandisi mmoja wa Microsoft aliitumia njia hiyo kuielewa Excel, msimbo wa zaidi ya mistari milioni moja ya lugha ya C, kabla ya kujaribu kuupanga upya. Uzuri wake ni kwamba chombo hakisemi nani mwenye makosa. Kinaleta tofauti mezani, kinanyamaza.

Hiyo ndiyo kazi tuliyompa wakala. Kila wiki anachukua hati ya sheria, sentensi kwa sentensi, na kwa kila moja anatoa jibu moja kati ya yale matatu, akitaja faili na jina la funsheni. Namba ya mstari tulimkataza, maana inahama kila mtu anapoongeza nafasi. Amekatazwa kugusa hati, amekatazwa kugusa msimbo. Majibu yake anapewa wakala wa pili anayeanza upya bila kuona hoja za wa kwanza, na kazi yake ni kujaribu kuyakanusha. Nusu saa ya mtu mmoja Ijumaa inatosha kupitia kinachobaki. Siku nyingine hakibaki kitu, na mtu huyo anawahi daladala.

Nyaraka zenyewe tulizigawa. Ramani ya nini kiko wapi inazalishwa kutoka kwenye msimbo na hakuna anayeihariri kwa mkono. Sheria, ambazo hazizidi ukurasa mmoja, zinaandikwa na watu. Maamuzi yanafuata muundo alioupendekeza Michael Nygard Novemba 2011: muktadha, uamuzi, hali yake, matokeo yake, na uamuzi wa zamani haufutwi, unaandikiwa kwamba umebatilishwa na upi. Pia kuna faili la AGENTS.md, jina lililozoeleka 2025 kwa maagizo ambayo wakala huyasoma anapoanza kazi, kwa kuwa ya jana hayakumbuki. Tulianza nalo likiwa na kurasa sita. Ya mwanzo aliyafuata, ya katikati akayapita kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Sasa ni ukurasa mmoja, na mwingi ni "ukitaka kujua hili, soma faili lile".

Turudi kwenye kazi ya usiku. Wakala, alipoulizwa la kufanya, alipendekeza iondolewe, akaandaa badiliko safi lenye maelezo mazuri, majaribio yote yakiwa ya kijani. Hoja yake ilieleweka. Kazi ile ilikuwa ikitafuta malipo ya simu yaliyoingia mara mbili na kufuta la pili. Zamani, seva yetu ilipochelewa kujibu, mtandao wa simu ulituma taarifa ya malipo tena, nasi tukaihesabu tena. Lakini leja ilishafundishwa kukataa namba ya muamala iliyokwisha kupokewa. Ugonjwa umepona, bandeji ya nini?

Nilikuwa karibu kukubali. Badala yake nikampigia simu kijana aliyeiandika, ambaye siku hizi yuko kampuni nyingine.

"Kaka, ile kazi ya saa nane usiku unaikumbuka?"

Akacheka. "Bado ipo? Mbona niliiweka ya wiki moja tu!"

"Ipo. Tunataka kuitoa."

Akanyamaza kidogo. "Ngoja kwanza. Wale wa makato ya mshahara mmewafanyaje?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kuna mwajiri anayeleta makato ya wanachama wake kwa faili la Excel kila mwisho wa mwezi. Baadhi ya wanachama hao, wakiona mshahara umechelewa, hulipa kwa simu ili wasipigwe faini, kisha makato yao yanaingia vilevile. Faili la Excel halina namba ya muamala, hivyo kinga ya leja hailioni. Kazi ya usiku, kwa bahati nusu na kwa makusudi nusu, ilikuwa ikiwakamata pia: mwanachama yuleyule, kiasi kilekile, ndani ya siku tano. Hakuna jaribio lililoligusa hilo, na ndani ya msimbo siku tano zilikuwa namba 5 isiyo na maelezo. Wakala aliiona. Angeiona mara mia asingejua ni ya nini.

Mwaka 1985 Peter Naur aliandika kwamba programu hasa ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga, na kwamba hakuna maandishi yanayoweza kuibeba yote. Timu ikitawanyika, programu inakufa hata kama inaendelea kufanya kazi. Nilipomsoma nikiwa kijana nilimwona mzee anayetia chumvi. Siku ile ya simu nilimwomba radhi kimoyomoyo. Ila simwungi mkono hadi mwisho: siku tano zile zingeweza kuandikwa kwa mistari miwili, na mistari miwili hiyo ingetuokolea simu.

Tukaiandika, ikawa uamuzi wa 7. Kazi ya usiku inabaki, lakini haiandiki tena kwenye jedwali; inapeleka ombi kwa leja kama kila mtu. Itaondolewa siku faili la makato litakapokuja na namba ya kumbukumbu kwa kila mstari.

Ikabaki kuifanya sheria iwe sheria. Mfumo wetu ni wa Python, na kuna chombo kinachoitwa import-linter kinachokataa moduli moja kuita nyingine kinyume cha mkataba ulioandika. Tulikiweka, ni rahisi, lakini kisingekuwa na msaada wowote kwa kisa hiki. Kazi ya usiku haikuita moduli ya mtu. Ilikuwa imeandika amri ya SQL kama maandishi ya kawaida, na chombo kinachochunguza nani anamwita nani hakisomi yaliyomo ndani ya maandishi. Basi tukashuka ngazi moja. Kwenye PostgreSQL, moduli ya leja ilipewa mtumiaji wake, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kubadilisha jedwali la salio. Wengine wote wanasoma tu. Sentensi ya ukurasa wa pili sasa inasimamiwa na hifadhidata, ambayo haisomi hati na haibembelezeki.

Mafaili ya ruhusa na ya mikataba hayaunganishwi bila idhini ya watu wawili waliotajwa kwa majina. Hilo tuliliongeza kwa uzoefu: wakala akibanwa na jaribio linalofeli, moja ya njia anazoziona ni kulegeza jaribio.

Mwezi uliopita alipewa kazi ya gawio la mwisho wa mwaka. Alipojaribu kuandika kwenye jedwali la salio, hifadhidata ikamkatalia. Akaleta badiliko lenye mstari mmoja wa ziada unaompa mtumiaji wa ripoti ruhusa ya kuandika, na maelezo kwamba unahitajika ili majaribio yapite. Dada yuleyule akamjibu: "Hapana. Soma uamuzi wa 7." Akausoma, akaipitisha kazi kwa leja, na chini ya badiliko akaacha angalizo: sheria inataja salio, lakini haisemi kama gawio ambalo mwanachama hajalichukua ni sehemu ya salio. Mhasibu anasema ndiyo, meneja anasema siyo, na kikao cha Alhamisi kimeahirishwa.